Mita Kumi na Tisa za Sauti

Orodha ya Ofisi ya Ukaguzi ilifika studio siku ya Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, ndani ya bahasha ya kaki iliyobanwa kwa pini mbili. Fundi mwanamke aliyeitwa Wembe alikuwa akisafisha vichwa vya mashine ya kurekodia kwa pamba na spiriti, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Alimaliza kwanza kusafisha, akaitupa pamba kwenye ndoo, akapangusa vidole, ndipo akaifungua bahasha.

Wembe halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Lilimganda kutokana na kazi. Mwanamuziki akikosea, au Ofisi ya Ukaguzi isipopendezwa, ni yeye aliyepatafuta mahali penyewe kwenye utepe, akapatia alama kwa penseli nyeupe ya nta, akaulaza utepe kwenye kibao cha chuma chenye mfereji, akaukata kwa mshazari, kisha akaziunga ncha mbili kwa ustadi kiasi kwamba sikio lilipita juu ya kovu bila kujikwaa. Kipande kilichoondolewa alikitundika shingoni, maana kikishaanguka sakafuni na kuchanganyika na vingine hakijulikani tena ni cha nani. Siku za kazi nyingi alitoka kwenda kunywa chai akiwa amevaa shada la chafya, gitaa zilizoteleza na hotuba za watu, na hakuna aliyemkodolea macho.

Orodha ya siku hiyo ilihusu albamu ya mdogo wake.

Mdogo wake, ambaye marafiki walimwita Mapigo kwa sababu hakuweza kukaa mezani bila kuhesabu kwa vidole, alikuwa na bendi ya roki ya watu watano. Hawakupiga nyimbo fupi za kuchangamsha harusi. Walikuwa wametumia miaka mitatu kutunga albamu moja yenye hadithi moja, dakika arobaini na tatu, upande wa kwanza na wa pili, nyimbo zikipokezana bila kupumzika. Iliitwa “Mfalme Aliyekunywa Mito”. Mfalme wa albamu hiyo ana kiu isiyokatika. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, anakunywa mto mzima mbele ya umma, na umma unapiga makofi, mwanzoni kwa hofu, baadaye kwa mazoea. Mto wa saba unamkimbia. Unajificha kwenye koo la mwanamke mzee, na katika wimbo wa mwisho mwanamke huyo anafungua kinywa.

“Kuna wimbo wa dakika kumi na saba humu,” mpiga ngoma alilalamika siku ya kurekodi, jasho likimtiririka. “Unaanza na mapigo saba, unakwenda kumi na moja, unarudi saba. Anayetaka kuucheza itabidi aazime mguu kwa jirani.”

“Si wa kucheza,” Mapigo alimjibu. “Ni wa kukaa chini na kufikiri.”

“Akikaa hatafikiri, ndugu yangu. Atalala.”

Mama yao alikuwapo siku hiyo, kwa sababu sauti ya mwanamke mzee ilikuwa yake. Alikuwa amesubiri zamu yake tangu saa tatu, amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini. Ilipofika saa saba aliuliza, “Wanangu, huu wimbo unaisha leo, au nikachukue godoro?”

Orodha ilikuwa na mambo matatu, kila moja na sababu yake. Vyura wa mwanzo waondolewe, kwa kuwa vyura huashiria maji yaliyotuama. Sauti ya mto katika upande wa pili iondolewe, kwa kuwa mto huashiria mto. Vikohozi vya wakazi wa mtaa ulio chini ya kiwanda cha ngozi viondolewe, kwa kuwa vikohozi hivyo huashiria kiwanda cha ngozi. Kuhusu mfalme, Ofisi iliandika kwamba haina pingamizi, kwani nchi ilikuwa na Mlezi, haikuwa na mfalme.

Wembe aliwakata vyura siku hiyohiyo. Walikuwa sekunde ishirini na mbili, waliorekodiwa na Mapigo alfajiri moja kwenye ukingo wa mto, suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini. Kesho yake asubuhi, akielekea kazini, Wembe aliwaona vyura watatu kwenye mtaro ulio nyuma ya kituo cha basi. Walikuwa wakitunisha makoo na kuyalegeza, wakiyatunisha na kuyalegeza, bila sauti yoyote. Muuza magazeti aliyeketi karibu nao alisema ni afadhali, sasa ataisikia redio yake vizuri.

Jumatano aliukata mto. Alhamisi maji yalipita chini ya daraja, juu ya mawe yaleyale, yakiwa na povu la kahawia lilelile, kimya. Watu walikuwa wamezoea kabla ya saa sita mchana. Mzee mmoja aliyekuwa na nyumba ukingoni alikwenda serikali ya mtaa kulalamika kwamba kwa miaka thelathini alilala kwa kusikiliza maji na sasa usingizi umemkimbia. Karani alimpa kipeperushi kuhusu faida za mazoezi.

Hapo ndipo Wembe alipoelewa. Hakushangaa, kwa kuwa alikuwa mtu wa ufundi na jambo lenyewe lilikuwa na mpangilio wake: alichokiondoa kwenye utepe mama, ule ambao santuri zote zingetokana nao, kiliondoka pia masikioni mwa watu. Aliliandika kwenye daftari lake la kazi, chini ya halijoto ya chumba. Kisha alikunywa maji, akaketi, na siku ya Ijumaa, akijua fika anachokifanya, akavikata vikohozi.

Katika mtaa wa chini ya kiwanda watu waliendelea kukohoa. Walijikunja, walishika mbavu, mishipa ya shingo iliwatoka, na hapakusikika kitu. Mwalimu wa shule ya msingi aliripoti kwamba madarasa yametulia mno. Baada ya siku tisa daktari wa kiwanda alipita nyumba kwa nyumba akiwa na daftari, akasimama kwenye kila mlango kwa dakika moja, akisikiliza, na mwishoni akaandika kwamba kikohozi kimekwisha. Gazeti lilichapisha habari hiyo ukurasa wa kwanza pamoja na picha ya Mlezi akitabasamu.

Wembe alilisoma gazeti hilo lote, hata matangazo. Uso ulimwaka. Alijiambia kwamba orodha ni orodha, kwamba asingekata yeye angekata mwingine, na mkato wa huyo mwingine ungekuwa mbaya, wenye kukwaruza. Hayo yote yalikuwa kweli, na hayakumsaidia.

Lakini lililomtesa zaidi halikuwa kwenye orodha.

Mafundi wa studio hiyo walikuwa na desturi yao ambayo hakuna bosi aliyewahi kuwaamuru. Waliiita kukata na ziada. Utepe ukirudishwa na Ofisi mara ya kwanza, ni kazi ya kawaida; ukirudishwa mara ya pili, jina la fundi huandikwa mahali. Kwa hiyo kila fundi, akimaliza kukata alichoagizwa, aliusikiliza utepe upya kwa masikio ya mkaguzi aliyeamka vibaya, akaondoa na kile ambacho mkaguzi huyo angeweza kukichukia. Waliokuwa hodari katika ziada walisifiwa kwa usafi. Wembe alikuwa hodari kuliko wote, na mkuu wa studio alikuwa anakaribia kustaafu.

Jumamosi iliyofuata, studio ikiwa tupu, alivaa hedifoni na kuusikiliza wimbo wa mwisho.

Mama yake alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye lango la kiwanda cha ngozi, akipima ngozi mbichi kwenye mizani. Katika utepe hakuimba. Kinanda kilishuka, filimbi ikanyamaza, ngoma zikabaki zikipiga saba polepole, na yeye akazungumza kwa sauti yake ya nyumbani: “Mimi nililiona bomba la kiwanda la kumwagia mtoni siku linawekwa. Ilikuwa Jumapili, tumeambiwa tusije kazini. Nilikuwa nimesahau miwani kwenye mizani, nikarudi kuichukua. Walisimama watu saba. Mmoja alishikiwa mwavuli na hakukuwa na mvua. Mimi ni mpimaji, naangalia kitu mara moja na siisahau sura yake. Nawajua wote saba, na akija mtu kuniuliza nitamwambia.” Ilikuwa sekunde hamsini.

Wembe alirudisha utepe nyuma akasikiliza tena, na tena. Sauti hiyo ndiyo iliyomwimbia akiwa na surua. Ndiyo iliyomwita ndani kutoka uani kwa miaka yote ya utoto wake, ikianza kwa upole na kuishia kwa vitisho. Ofisi haikuitaja. Ama wameiruka, alifikiri, ama wameitunza kwa orodha ya pili, na orodha ya pili huja na majina. Alifikiri juu ya Mapigo akiitwa kuhojiwa. Alifikiri juu ya mama yake. Alifikiri pia, na hili hakulipa nafasi ya kukaa sana kichwani, juu ya ofisi ya mkuu wa studio, yenye dirisha la kufunguka.

Akakata.

Kipande kilikuwa mita kumi na tisa. Alipokizungusha shingoni kilimfika magotini. Alikiviringa, akakitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, akaandika tarehe kwenye mfuniko. Hakuandika jina.

Jumapili alikwenda kula nyumbani kwa mama yake kama kawaida. Mama alimfungulia mlango, akamkumbatia, akasogeza midomo kwa muda mrefu huku akimkagua kuanzia nywele hadi viatu. Hapakusikika kitu. Kisha akaenda jikoni kuendelea kuchambua mchele, na hata huko mgongo wake ulionyesha kwamba alikuwa bado anaongea.

Mapigo alikuwa ameketi sebuleni, vidole vimetulia juu ya meza.

“Tangu jana,” alisema. “Sumu ya kiwanda imemfika kooni, dada. Nilijua tu. Kwanza mto, sasa watu.”

“Umempeleka hospitali?”

“Nimempeleka. Daktari kamchungulia, kasema koo ni zima kabisa, la msichana. Kamshauri apunguze maneno.”

“Naye anasemaje?”

“Nani, mama? Yeye anajisikia mwenyewe bila shida. Nimemwambia mama, hatukusikii. Akanicheka. Akanitolea hoja ndefu sana ya kunipinga, na mikono juu, sikuambulia hata neno moja.”

Mama alirudi na chai. Alimwuliza Wembe jambo fulani akisubiri jibu, nyusi zimeinuka. Wembe alisema, “Ndiyo, mama.” Mama aliridhika, akamwekea sukari vijiko vitatu, na Wembe, aliyekuwa ameacha sukari miaka mingi, aliinywa chai yote.

“Mwezi ujao kuna kikao cha lile bomba,” Mapigo alisema. “Umesikia? Wanunuzi wa ngozi wa nje wanataka karatasi ya kuthibitisha kwamba wananchi walisikilizwa. Kwa hiyo wananchi tutasikilizwa. Mashahidi walikuwa kumi na mmoja, wamejitoa mmojammoja. Mmoja kasema ana msiba, mwingine kakumbuka kwamba haoni vizuri. Kabaki mama.”

“Si ataandika?”

“Hawapokei maandishi. Wamesema maandishi yanaghushiwa. Ni kwa mdomo tu.” Alimtazama dada yake, na uso wake ukafunguka. “Lakini hatuna haja ya kuogopa, sivyo? Yuko kwenye albamu. Nitakwenda na santuri, niwapigie pale pale. Sekunde hamsini, zimepita Ofisi ya Ukaguzi na mhuri juu. Watazikataaje?”

Mama alitikisa kichwa kwa nguvu, akikubali.

“Sivyo, dada?”

“Kula kwanza,” Wembe alisema.

Santuri ya majaribio ilitoka kiwandani baada ya wiki mbili. Mapigo aliipeleka nyumbani ikiwa bado na harufu ya plastiki mpya, akaipiga kuanzia mwanzo hadi mwisho, peke yake, mlango umefungwa. Kisha alimpigia simu dada yake.

“Wamemkata mama,” alisema.

Wembe alikuwa amesimama kwenye korido ya studio, simu ya ukutani sikioni. Mbele yake palikuwa na picha ya Mlezi na kalenda. Alikuwa na nafasi ya kusema. Kati ya maneno ya mdogo wake na jibu lake palipita muda wa kutosha kwa sentensi moja fupi, na alijua ni sentensi ipi.

“Wamemkata,” alisema.

“Hawana haya, dada.”

“Hawana.”

“Najua ulijaribu kumtetea. Hata usiniambie, najua.”

Mkaguzi alikuja studio mwenyewe siku ya Jumatatu kuleta hati ya idhini. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyekunja leso yake mara nne kabla ya kuirudisha mfukoni, na aliyependa muziki kuliko ilivyomfaa mtu wa kazi yake. Aliomba kuusikia wimbo wa mwisho kwenye spika kubwa. Ulipokwisha aligeuka kutoka kwenye spika.

“Yule mama yuko wapi?” aliuliza.

Wembe alianza kuurudisha utepe nyuma.

“Yule wa mwishoni, wa miwani. Mimi nilimpitisha. Nilimsikiliza mara mbili.” Mkaguzi alishusha sauti, si kwa hofu, bali kama anayemtaja mgonjwa. “Siku hiyo nilikuwa nimekata tangu asubuhi, fundi. Nilikuwa nimechoka. Nikasema huyu apite. Wakiniuliza, nitasema nilisinzia. Umri wangu unaruhusu. Nani amemwondoa?”

“Labda ni hitilafu, mzee.”

“Hitilafu,” mkaguzi alirudia. Aliutazama mkato kwenye utepe, uliokuwa safi mno, kisha akalitazama kopo la maziwa kwenye rafu. Hakuuliza ndani yake kuna nini. “Basi si neno. Hitilafu inarekebishika. Kuna fomu ya kurejesha, iko hifadhini. Utepe mama huu nao unarudi huko leo. Jaza, mimi nitatia sahihi siku hiyohiyo, uunge kipande chako, jambo limekwisha. Santuri zenyewe hazijaanza kuchapwa.”

“Unaweza kunijazia, mzee?”

“Sehemu yangu nitajaza. Mstari wa sababu ni wa fundi.”

Kikao kilikuwa Alhamisi. Wembe alikwenda hifadhini Jumatano, saa nane mchana, kopo likiwa ndani ya mkoba. Hifadhi ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za chuma hadi darini, na mtunzaji wake alikuwa mama mnene mwenye sweta, aliyekuwa akichonga penseli kumi na mbili zifanane urefu. Alimpa fomu bila kuinua macho.

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Jina la kazi. Urefu wa kipande. Jina la fundi. Wembe alijaza hayo yote kwa mwandiko wake mzuri. Kisha ukafuata mstari wenye urefu wa kidole: Sababu ya kuondolewa. Aliandika: hitilafu ya mtambo.

Mtunzaji aliisoma, akairudisha.

“Mtambo haukati kwa mshazari, dada. Watanirudishia hii.”

“Niandike nini?”

“Ukweli tu. Mstari mmoja. Tena hakuna anayesoma, nakuapia. Nina fomu humu tangu sijaolewa.”

Wembe alichukua fomu mpya. Ukweli ulikuwa maneno mawili: niliogopa bure. Yangeenea kwenye mstari na nafasi ingebaki. Aliinua kalamu, na ndipo jicho lake lilipotua chini kabisa ya ukurasa, palipoandikwa kwa herufi ndogo: nakala moja kwa Ofisi, nakala moja kwa hifadhi, nakala moja kwa msanii.

“Hii ya msanii,” alisema, “lazima iende?”

“Inakwenda kwa posta. Huyo ndiye pekee anayesoma.” Mtunzaji alicheka, akapuliza vumbi la penseli. “Wasanii wanasoma kila kitu, si unawajua. Mbona umesimama? Jaza, saa tisa na nusu nafunga.”

Wembe aliishika kalamu juu ya mstari wa sababu. Aliona mezani kwa mama yake bahasha ikifunguliwa. Aliona vidole vya Mapigo vikiacha kuhesabu. Alijua kwamba mdogo wake hangepiga kelele. Angemtazama tu, akijaribu kwa moyo wote kutafuta sababu nzuri ya jambo hilo, na angeipata, na angemsamehe, na ndicho alichoshindwa kukivumilia. Penseli ya kumi na mbili ilichongwa. Wembe aliikunja fomu mara mbili.

“Nitarudi kesho,” alisema.

“Kesho haya,” mtunzaji alisema.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa mikutano wenye viti vya plastiki vya bluu na feni nne, mbili zikifanya kazi. Mstari wa mbele walikaa wakubwa wa kiwanda na maafisa wa serikali. Nyuma walikaa watu wa mtaa wa chini ya kiwanda, waliokohoa bila kukoma na bila kumsumbua yeyote, mabega yakitikisika safu baada ya safu. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kijani na miwani aliyoifuta mara tatu njiani. Kwa mwezi mzima Wembe alikuwa amejifunza kusoma midomo yake, kwanza maneno ya jikoni, kisha karibu yote. Mapigo hakuwa na subira ya kujifunza. Kila alipoitazama ile midomo macho yalimjaa machozi.

“Shahidi,” mwenyekiti alisema, “hapa uko huru. Sema yote unayoyajua, usimwogope mtu.”

Mama alisimama. Alisema kwa dakika kumi na moja. Hakuharakisha. Alieleza mizani ilikuwa upande gani, lango upande gani. Alionyesha unene wa bomba kwa mikono miwili, kisha, kwa kuwa alikuwa mpimaji, akasita, akaipunguza nafasi kati ya viganja hadi ikawa sawa kabisa. Alihesabu kwa vidole watu saba, na katika kidole cha nne alimgeukia afisa mmoja wa mstari wa mbele na kuinua ngumi juu ya kichwa chake mwenyewe, kama mtu anayeshika mpini wa mwavuli. Afisa yule alitazama viatu vyake. Waliokaa karibu naye wakavitazama pia. Ukumbi mzima uliona, na kwa kuwa kilichotakiwa kilikuwa cha kusikika, hapakuwa na la kufanya. Wembe, katika safu ya pili, aliyasoma majina yote saba yakitoka mdomoni kwa mama yake, moja baada ya jingine, na yeye ndiye mtu pekee ukumbini aliyeyapata. Hakuandika. Mikono yake ilikuwa magotini.

Mama alipomaliza, alishukuru kwa kuinamisha kichwa. Katibu alisoma alichokiandika: “Shahidi alisimama dakika kumi na moja. Shahidi hakusema neno.”

“Kumbukumbu zionyeshe kwamba alipewa nafasi,” mwenyekiti alisema, “na kwamba hakukatizwa.”

Watu walipiga makofi. Makofi yalisikika vizuri. Mwenyekiti akatangaza kwamba kuwapo kwa bomba hakukuthibitika, kwamba karatasi itasainiwa mchana huohuo, na kwamba kuna soda nje kwa kila mwananchi.

Mama alirudi kwenye kiti chake kati ya watoto wake wawili. Mashavu yalikuwa yamemwiva, macho yanang'aa kwa namna ambayo Wembe alikuwa hajaiona tangu mama alipostaafu. Alimshika mkono na kumgeukia.

“Nimesema vizuri?” midomo iliuliza.

“Vizuri sana, mama.”

“Walinisikia?”

“Kila neno.”

Mama alivuta pumzi, akaiachia, akamfinya kiganja. Mapigo alikuwa amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo hayo, na ulimtosha. Aliinama mbele, akamtazama dada yake kupitia mbele ya mama yao, akamwambia, “Asante, dada. Mimi nisingeweza kumwambia hivyo.”

Wembe aliitikia kwa kichwa. Mama alikuwa tayari amemgeukia mwanamke wa kiti cha nyuma na kuanza kumweleza habari zote upya, kuanzia miwani, na mwanamke yule, akikohoa kimyakimya kwenye kitambaa, alikuwa akimwitikia kwa adabu mahali alipodhani panafaa.